Unahamia mtandao mwingine na unatafuta simu? Angalia laini kabla ya kamera

Kuna swali ambalo hutufikia mara kwa mara, na huja karibu kwa maneno yale yale: "Nimechoka na mtandao wangu, nahama. Niko na elfu kumi na tano ya simu. Nichukue gani?" Mara nyingi anayeuliza ashachagua simu mbili kichwani na anataka tu tumwambie ile iko na kamera safi. Sisi humrudisha nyuma kidogo. Unahamia mtandao upi? Na pesa zako zitabaki kwa laini gani?

Ukijibu hayo mawili, utaona moja kati ya zile simu zako mbili imejitoa yenyewe.

Nambari inahama, pochi haihami

Tangu Aprili 2011, Kenya imeruhusu mtu kuhama mtandao akiwa na nambari yake. Ndiyo maana siku hizi 0722 haimaanishi lazima mtu yuko Safaricom, wala 0733 si lazima iwe Airtel. Lakini kinachohama ni nambari peke yake. M-PESA ni ya Safaricom, Airtel Money ni ya Airtel. Salio lililo kwa pochi, akiba uliyoweka M-Shwari, limiti yako ya Fuliza uliyoijenga kidogo kidogo kwa kulipa kwa wakati, hivyo vyote havikufuati. Huko mtandao mpya wewe ni mgeni. Unasajiliwa upya, unaweka PIN mpya, na ukiomba mkopo wanaanza kukupima kutoka chini.

Deni nalo halipotei kwa sababu umehama. Linabaki na jina lako na nambari ya kitambulisho chako, na likikaa sana linaweza kufikishwa CRB. Kama unahama kwa sababu Fuliza imekumeza, lipa kwanza.

Kwa hivyo kwa wateja wetu wengi, hasa wale wenye biashara ndogo, tunashauri hivi: usihamishe nambari bado. Nunua laini mpya ya mtandao unaoutamani, itumie kwa data na kupiga simu, na ile ya zamani iache ishughulike na pesa. Tuseme una genge, na wateja wamezoea kukutumia kwa nambari ile ile miaka sita. Mweka hazina wa chama anayo, shule ya mtoto inayo, benki inatuma nambari zake za siri huko, na hata eCitizen inakujua kwa hiyo. Kubadilisha mambo hayo yote kwa wiki moja ni kazi, na utakalosahau ndilo litakalokuumiza. Baada ya miezi michache, ukiona mtandao mpya umekufaa kweli, hapo sasa unaweza kuamua kuhamisha nambari yenyewe.

Kuwa na pochi mbili si shida kama zamani. Tangu 2018 wateja wa Safaricom na wa Airtel wanaweza kutumiana pesa moja kwa moja kutoka pochi hadi pochi. Hakikisha unamtumia mtu sahihi, na uangalie ada kwanza.

Ukikubali ushauri huo, simu yako mpya lazima ibebe laini mbili. Na hapa ndipo watu hukosea.

Laini mbili, lakini mbili za kweli

Simu nyingi za Android zinazouzwa huku, za Tecno, Infinix, itel na hata Samsung za bei ya kati, zina nafasi mbili za laini. Lakini fungua kile kitreya cha pembeni kabla hujalipa. Simu zingine zina nafasi mbili tu kwa jumla, na ile ya pili inagombaniwa na memori kadi. Ukiweka memori kadi, laini moja inabaki mfukoni. Kama simu ina hifadhi ya GB 32 na una video za watoto zimejaa, utajikuta unachomoa laini ya pesa kila ukitaka kuona picha. Tafuta yenye nafasi tatu, au hifadhi ya kutosha usihitaji kadi.

Simu za zamani kidogo zina tatizo lingine: nafasi ya kwanza inashika 4G, ya pili inashika 2G peke yake. Hilo si baya sana kwa mpango wetu. Laini mpya ya data ikae nafasi ya kwanza, ile ya M-PESA ikae ya pili, kwa sababu *334# haihitaji intaneti hata kidogo. Inafanya kazi kwa 2G bila wasiwasi.

iPhone nazo nyingi zina nafasi moja ya laini ya kawaida, na kuanzia zile za 2018 nyingi zina eSIM pia, yaani laini isiyo na kadi. Kabla ya kununua, uliza duka la mtandao wenyewe kama watakupa eSIM na kama inakubali kwa modeli hiyo hiyo. Usimuulize muuzaji wa simu. Yeye anauza simu.

Simu nzuri isiyosikia mtandao wako

Chukua mfano wa simu mbili za bei moja. Ya kwanza ni mpya, ya kawaida, imetengenezewa soko la Afrika. Ya pili imetoka Marekani, imetumika mwaka mmoja au miwili, kioo kinang'aa, kamera ni moto, na muuzaji wa Luthuli Avenue anakwambia, "Bosi, hii ni 4G, shika tu." Hakudanganyi. Ni 4G kweli. Swali ni 4G ya wapi.

Mitandao hutumia masafa, na masafa hayo yamegawanywa kwa bendi zenye nambari. Fikiria redio: isiyo na FM haitashika stesheni ya FM hata ukiipandisha juu ya paa. Mitandao mikubwa ya hapa kwetu hutumia 4G ya bendi 20, ambayo ni megahazi 800, pamoja na bendi 3, ambayo ni megahazi 1800. Ile ya 800 ndiyo inayosafiri mbali na kupenya ukuta, kwa hivyo ndiyo inayotegemewa sana nje ya miji. Marekani hawatumii bendi 20, na baadhi ya simu zilizotengenezewa huko hazikuwekewa. Simu kama hiyo itakufurahisha ukiwa katikati ya Nairobi kwenye bendi 3. Ukienda ushago inashuka hadi 3G, au ile herufi E ambayo hakuna anayeipenda.

Ukihamia Faiba, jihadhari zaidi. Mtandao huo wa simu, ulioanza mwishoni mwa 2017, ulijengwa kwa 4G na unatumia bendi 28, megahazi 700. Hauna 2G wala 3G ya kuangukia. Simu ya kawaida inapigwa kwa njia inayoitwa VoLTE, yaani sauti inapita kwenye 4G yenyewe. Kama simu yako haina VoLTE inayokubaliwa na mtandao huo, utakuwa na intaneti ya kasi na hutaweza kupiga simu kwa njia ya kawaida. Kwenye mitandao mingine VoLTE ni raha ya ziada tu, kwa sababu simu isiyo nayo hushuka 3G au 2G na mazungumzo yanaendelea.

Utajuaje? Angalia nambari kamili ya modeli kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, si jina la kibiashara lililoandikwa kwa boksi. Simu moja yenye jina moja inaweza kuwa na modeli tatu za masoko tofauti. Tafuta nambari hiyo mtandaoni na uone bendi zake.

Lakini njia tunayoiamini kuliko zote ni rahisi: nunua laini kabla ya simu. Laini ni bei ya chai na mandazi. Iweke kwenye simu ya jirani au ya ndugu kwa siku mbili tatu, uijaribu nyumbani, kazini, na ndani ya matatu ya kwenda kazini. Wengine hugundua hapo kwamba mtandao mpya hauingii hata jikoni kwao, na wamejiokolea elfu kumi na tano. Ukiridhika, nenda dukani na laini hiyo mfukoni. Iingize kwa simu unayotaka, zima Wi-Fi, ona kama 4G inatokea, piga simu moja, fungua tovuti moja. Halafu ingiza ile ya zamani na ubonyeze *334#. Muuzaji akikataa ujaribu, mwachie simu yake.

Simu ya kulipa pole pole

Kuna wale ambao hawana pesa yote kwa mkupuo, na hatuwalaumu. Tangu 2020, Safaricom na Google walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo, watu wengi wamepata simu yao ya kwanza ya skrini kubwa kwa kulipa kila siku, na kampuni zingine zimefuata njia hiyo. Ila kwa mtu anayehama mtandao, uliza mambo mawili.

Kwanza, je, simu imefungiwa laini ya mtandao mmoja hadi deni liishe? Zingine ziko hivyo, na zingine hazijali laini lakini zina programu inayofunga skrini ukichelewa kulipa. Kubadilisha laini hakuiondoi programu hiyo. Simu kama hii ikiuzwa mkononi kabla deni halijaisha, aliyeinunua ndiye atafungiwa, kwa hivyo unaponunua iliyotumika dai kuona ujumbe wa kumaliza malipo.

Pili, piga hesabu nzima. Tuseme simu ya 14,500 kwa pesa taslimu inauzwa kwa arabuni 2,000 kisha 55 kila siku kwa siku 365. Hamsini na tano inaonekana ni bei ya soda. Lakini 55 mara 365 ni 20,075, ukiongeza arabuni unafika 22,075. Umelipa 7,575 zaidi. Huenda inakufaa kwa sababu simu itaanza kukuletea kazi leo, mfano kama unaendesha bodaboda ya programu. Kama ni ya TikTok tu, weka hiyo 55 kando kila siku kwa miezi tisa na utainunua kwa pesa taslimu.

Mambo mengine ya kuangalia haraka

Bonyeza *#06# na ulinganishe nambari ya IMEI na iliyo kwa boksi na kwa risiti. Wenye kumbukumbu wanajua mwisho wa Septemba 2012 simu bandia zilizimwa kwenye mitandao ya Kenya, zaidi ya milioni moja, na waliokuwa nazo hawakurudishiwa kitu. Kisha fungua Play Store, gusa picha yako, ingia Mipangilio halafu Kuhusu, uone kama kifaa kimethibitishwa. Programu nyingi za benki na za malipo hukataa kufunguka kwenye simu ambayo mfumo wake umechezewa, au yenye Android ya zamani sana. Simu ya bei rahisi isiyofungua programu ya benki yako si rahisi.

5G? Ipo Kenya, Safaricom tangu 2022 na Airtel tangu 2023, lakini kama haifiki mtaani kwenu usiilipie zaidi. Ongeza hiyo pesa kwa RAM au betri.

Siku yenyewe ya kuhama

Usiuze wala kumpa mdogo wako simu ya zamani siku ile ile. Ingiza laini zako kwa simu mpya kwanza, fungua programu ya benki, ya M-PESA na WhatsApp, hadi zote zikubali. Nyingi zitatuma nambari ya siri kwa laini ya zamani, ndiyo maana lazima iwe hewani. Hakikisha simu mpya inapokea SMS za laini zote mbili. Hapo sasa toa akaunti yako ya Google kwa simu ya zamani, ifute yote, halafu iende.

Kama umeamua kuhamisha nambari kabisa, toa au tumia salio la pochi kwanza, lipa madeni, piga picha ya taarifa zako za miezi ya karibuni, kisha nenda na kitambulisho kwa duka rasmi la mtandao unaohamia. Laini lazima iwe imesajiliwa kwa jina lako. Iliyosajiliwa kwa jina la mjomba itakurudisha nyumbani. Hakuna hatua hata moja inayohitaji umtajie mtu PIN yako, awe mhudumu, awe kijana wa mwavuli barabarani.

Na ukibaki na laini mbili, usiiache ile ya zamani ilale. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na nambari hupewa mtu mwingine, pamoja na jumbe zote za benki ulizosahau kubadilisha. Weka kredii ya shilingi kumi kila mwezi, na upige nayo simu hata kama ni ya kumsalimu mama.