Mfupa Uliofichwa Ukwatoni

Mtu akitaka kujua jinsi farasi alivyosimamishwa juu ya ardhi, na anyooshe kidole chake cha kati, aiguse ncha yake, kisha afikiri kwamba mnyama mwenye uzito wa ratili 1,000 husimama, huruka na hupiga mbio juu ya ncha nne za namna hiyo. Kwa maana ukwato wa farasi ni ukucha wa kidole cha kati, na ndani yake umo mfupa mmoja wenye mabawa mawili yaelekeayo kisiginoni, ambao ukiushika mkavu waona ni mwepesi na umejaa vitundu kama jiwe la matumbawe, kwani damu hupita humo kwa wingi.

Mabawa hayo ndiyo yavunjikayo kwa watoto wa farasi. Mtoto huzaliwa kwato zake zimevikwa vinyama laini vya manjano, kama makumbi yaliyolowa, asije akaudhuru uzazi wa mamaye. Baada ya saa moja au mbili amekwisha simama. Huko Kentucky, kandokando ya mji wa Lexington, wafugaji wa farasi wa mashindano hupenda watoto wazaliwe mapema, kwa kuwa umri wa farasi hao wote huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari. Basi yamkini ukwato mchanga ukakutana kwanza na ardhi iliyogandishwa na baridi, na baadaye na ardhi iliyokaushwa na jua. Ardhi husukuma wayo juu, kano nene ipitayo nyuma ya mguu huuvuta mfupa, na bawa, ambalo bado halijakomaa, hubanwa baina ya nguvu mbili likapasuka, aghalabu katika miguu ya mbele, ibebayo zaidi ya nusu ya uzito.

Linalonihuzunisha ni kwamba mwenye mnyama huweza kumwona mtoto akichechemea siku mbili tatu tu, au asimwone akichechemea kabisa, akadhani ni mzima. Tabibu mwangalifu hutazama kichwa, kiinukacho kila mguu unaouma ukanyagapo. Huweka kiganja juu ya ukwato kupima joto. Huutafuta kwa vidole viwili mshipa wa damu nyuma ya kifundo, aone kama wapiga kwa nguvu kupita kawaida. Kisha huubana wayo kwa koleo, polepole, mpaka mtoto auvute mguu. Hata hapo hajapata yakini, maana usaha ukikusanyika ukwatoni huleta dalili hizo hizo. Yakini huletwa na picha za eksirei, nazo zipigwe kwa mshazari pia, kwa kuwa ufa ni mwembamba kama unywele.

Dawa yake ni mapumziko: banda dogo, matandiko makavu, mama karibu, yapata majuma sita hadi nane. Kiatu cha chuma kimfaacho farasi mzima siafiki afungiwe mtoto, kwani ukwato wake ungali ukipanuka, na chuma kikiuzuia visigino husongamana. Mfupa mchanga huungana kwa mfupa, tena upesi, hali mpasuko wa farasi mzima huweza kukaa muda mrefu umeshikwa na nyuzi tu. Kisha hupigwa picha nyingine, na ule mstari mweusi ukiwa umefifia, mama na mwanawe hufunguliwa, kwanza katika uwanja mdogo wenye majani.