Kofia ya Mtawa Mgongoni mwa Mpagazi: Asili ya Majina ya Misuli

Mwaka 1889 kijana Adriano Atiman aliwasili Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Alitekwa utumwani angali mtoto karibu na Timbuktu, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea utabibu kisiwani Malta. Katekista huyo aliwatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Miongoni mwa mambo ambayo masomo yake yalidai ni majina ya misuli, na majina hayo, zamani kama sasa, ni ya Kilatini na Kigiriki.

Mgonjwa akiyaona kwenye cheti cha hospitali huogopa, akidhani ni lugha ya siri. Kumbe mengi ni maneno ya nyumbani tu. Lenyewe neno la Kilatini «musculus» maana yake ni panya mdogo: kunja mkono wako utazame jinsi nyama ya juu inavyotembea chini ya ngozi, utaelewa waliona nini.

Tumtazame basi mpagazi wa Kinyamwezi, aliyetoka Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, akielekea Bagamoyo na mzigo wa karibu frasila mbili, kilo 30 na zaidi. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba mtoto wa kiume huko alizoezwa tangu udogo kubeba kijipembe cha ndovu. Mzigo ulilala begani, juu ya msuli uitwao «deltoideus», kwa kuwa una pembe tatu kama herufi delta ya Kigiriki. Uzito wake uliushika msuli mpana unaotoka kisogoni hadi katikati ya mgongo, «trapezius», kutoka neno la Kigiriki la meza. Lakini wataalamu wa kale waliuita pia «cucullaris», maana wa kulia na wa kushoto wakitazamwa pamoja hufanana na kofia ya mtawa iliyoangushwa mgongoni. Aliyewahi kumwona Mkapuchini kwa nyuma hahitaji mchoro. Kwangu mimi jina hilo lililoachwa lilikuwa bora kuliko la meza.

Majina haya hayakuwapo yote tangu mwanzo. Andreas Vesalius, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1543, misuli mingi aliitaja kwa namba tu. Ni Bernhard Siegfried Albinus wa Leiden, mwaka 1734, aliyeimarisha mengi ya majina tunayoyatumia.

Pajani umo «sartorius», msuli mrefu kuliko yote mwilini, uliopewa jina la fundi wa kushona nguo, kwa sababu husaidia kukunja miguu kama mafundi wa kale walivyoketi kazini. Chini ya goti Wagiriki waliona tumbo, wakasema «gastrocnemius», tumbo la mguu. Waswahili mahali hapohapo waliona uso, wakasema shavu la mguu. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Kila mmoja alitazama mguu unaotembea.

Na msuli uliompa mpagazi pumzi ya kuimba njiani, Wagiriki waliuita «diaphragma», ua wa kugawa. Sisi twauita kiwambo, kwa kuwa umewambwa kati ya kifua na tumbo kama ngozi ya ngoma.