Kuchangia na Kuvuta Elektroni: Dhana Mbili za Kemia ya Ogania na Majina Yake

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa kemia ya ogania hukutana mapema na makundi ya atomu yanayogawanywa mafungu mawili: yale yanayoongeza wingi wa elektroni katika sehemu nyingine ya molekuli, na yale yanayoupunguza. Makala haya yanakusudia kueleza dhana hizo kwa Kiswahili na, papo hapo, kuchunguza ni majina gani yanayoafikiana na maumbile yake. Hoja yetu ni kwamba kundi halina tabia moja ya kudumu. Tabia yake hutegemea njia ambayo athari yake hupitia na mahali lilipopachikwa. Istilahi inayoficha ukweli huo humpotosha mwanafunzi kabla hajafika maabara.

2.0 Tatizo la Majina

Kitenzi kinachokuja upesi ulimini ni kutoa. Hata hivyo, katika muktadha huu kitenzi hicho kina maana mbili zinazopingana. Anayetoa sadaka humwongezea mwenzake. Anayetoa tatu katika kumi huipunguza hiyo kumi. Kwa hiyo, kundi 'linalotoa elektroni' katika pete ya benzeni laweza kufahamika kuwa linaiongezea pete hiyo elektroni, au kuwa linaiondolea. Mzizi -pa nao hutuletea 'kipaji', neno ambalo tayari lina maana ya paji la uso na ya karama aliyozaliwa nayo mtu.

Isitoshe, kutoa na kupa hudokeza kwamba elektroni huhama moja kwa moja, kama ilivyo katika chumvi ya mezani, ambamo atomu ya sodiamu huiachia atomu ya klorini elektroni moja. Katika dhana tunayoijadili, elektroni haziachwi kabisa. Eneo la kushirikiana ndilo linalopanuka. Kwa sababu hiyo tunapendelea kuchangia: mwenye kuchangia shughuli hubaki kuwa mmoja wa wenye shughuli. Kwa kufuata muundo wa maneno kama kiuavijasumu na kinasasauti, tunapendekeza kichangiaelektroni na kivutaelektroni.

3.0 Njia Mbili za Athari

Njia ya kwanza ni mvuto unaopitia vifungo vya kawaida baina ya atomu. Klorini, kwa mfano, huzivuta elektroni za kifungo kuliko kaboni, na mvuto huo huambukiza vifungo vya jirani. Athari yake hupimika kwa ukali wa asidi, ambao huonyeshwa kwa kipimo cha pKa: kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo asidi inavyokuwa kali, na tofauti ya 1 ni sawa na mara 10. Asidi ya butanoiki ina pKa ya 4.8 hivi. Klorini ikiwekwa kwenye kaboni ya 2, kipimo hushuka hadi 2.9, kwenye kaboni ya 3, ni 4.1, kwenye kaboni ya 4, ni 4.5. Mvuto, basi, hufifia upesi kwa umbali.

Njia ya pili tunaiita msambao. Atomu yenye jozi huru ya elektroni, kama oksijeni au naitrojeni, ikiungana na pete ya benzeni huweza kuiingiza jozi hiyo katika mfumo wa elektroni za pete. Neno 'mwangwi', ambalo ni la elimu ya sauti, halifai hapa, kwani hakuna kinachorudi wala kutetema. Elektroni zinazosambaa hivyo haziongezeki sawasawa kila mahali: hulimbikizana kwenye nafasi za 2, 4 na 6, wala si za 3 na 5.

4.0 Ushahidi wa Asidi ya Benzoiki

Mwaka 1937 Louis Hammett, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alitumia asidi ya benzoiki kuyapimia makundi ya namna hii. Asidi hiyo ina pKa ya 4.20. Ikiachia haidrojeni yake, hubaki ayoni yenye chaji hasi. Kundi linalovuta elektroni huipunguzia ayoni hiyo mzigo wake, na asidi huwa kali zaidi. Kundi linalochangia huleta kinyume chake. Ndiyo maana kundi la nitro kwenye nafasi ya 4, linalovuta kwa njia zote mbili, huishusha pKa hadi 3.44.

Mfano unaofundisha zaidi ni kundi la methoksi, ambamo oksijeni huunganisha pete na kaboni yenye haidrojeni tatu. Likiwa kwenye nafasi ya 4, pKa hupanda hadi 4.47: msambao umeushinda mvuto, nalo ni kichangiaelektroni. Likiwa kwenye nafasi ya 3, ambako msambao haufiki sawasawa, pKa hushuka hadi 4.09: kundi lile lile limekuwa kivutaelektroni. Mwanafunzi aliyekariri kuwa methoksi 'ni ya kuchangia' atakosea hapa, na kosa halitakuwa lake peke yake.

Klorini nayo ina mafunzo yake. Kwa jumla huipunguzia pete elektroni, hata pete ikawa nzito kushambuliwa na vitendanishi vinavyotafuta elektroni. Lakini msambao wake mdogo huvielekeza vitendanishi hivyo kwenye nafasi za 2 na 4. Mvuto huamua kasi, msambao huamua mahali.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kuwa kuchangia na kuvuta ni uhusiano baina ya kundi, njia na nafasi. Kwa hiyo istilahi mbili tulizopendekeza hazitoshi zikisimama peke yake. Mwalimu ataje daima njia na nafasi: 'methoksi ni kichangiaelektroni kwa msambao, kwenye nafasi ya 4'. Sentensi hiyo ni ndefu kuliko jina tupu, lakini ndiyo iliyo kweli. Wanaounda istilahi hawana budi kuupima kwanza ukweli wa namna hii, ndipo wachague neno.