U0100 Si Cheti cha Kifo

"Fundi, kontroboksi ya injini ya gari hili naipata kwa shilingi ngapi?" Nimelichoka swali hili. Kila anayeuliza ana namba ileile kwenye simu: U0100. Kuna mtu alichomeka mashine, akaisoma namba, akamwambia kontroboksi imekufa.

Namba hiyo haisemi hivyo. Herufi U ni ya mawasiliano, na aliyeiandika si kontroboksi ya injini. Ni wenzake, kama ile ya ABS, wanaolalamika kwamba hawaisikii. Ukimpigia ndugu yako simu asipatikane, huendi kununua sanda.

Kontroboksi za gari huongea kwa nyaya mbili zilizosokotwa, mtandao wa CAN ambao Bosch waliutambulisha mwaka 1986. Njia ikikatika, aliye upande wa pili hasikiki hata akiwa mzima kabisa.

Mteja mmoja aliniletea gari langoni kwangu kwa kuvutwa, likiwa halijawaka hata baada ya kununuliwa kontroboksi mbili za mtumba. Zote mbili aliambiwa ni mbovu. Hakuna aliyemweleza kwamba kontroboksi ya mtumba huja na kumbukumbu ya funguo za gari ilikotoka; imobilaiza, yaani kinga ya wizi, haiiruhusu injini kuwaka mpaka isajiliwe upya. Pesa ile ilipotea bure, na inaniuma.

Nilichomoa betri, nikapima pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Mtandao huo una rezista ya omu 120 kila mwisho, kwa hiyo ukiwa mzima maltimita husoma kama 60. Mimi nilisoma 120. Mwisho mmoja haukuwemo, na kwenye gari lile rezista ya mwisho huo imo ndani ya kontroboksi ya injini. Nikaufuata waya hadi kwenye plagi: kutu ya kijani, pini imelika. Injini ilikuwa ikioshwa kwa maji ya presha kila wiki. Nikaweka pini mpya, nikarudisha kontroboksi yake ya zamani, likawaka.

Basi, kabla ya kufungua pochi: pima betri, fyuzi za kontroboksi na eathi zake. Kisha pima omu. Ikiwa 120, tafuta palipokatika. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana au kuna kontroboksi inayozishika. Chomoa kontroboksi mojamoja mpaka usomaji upande. Ikiwa 60, umeme na eathi vinafika na waya ni mzima hadi kwenye plagi yake, hapo ndipo uishuku kontroboksi, utafute yenye namba ileile na mtu wa kuisajili. Kuchomoa terminali ya betri ili "gari lisahau" kunaweza kufuta namba tu, hakuungi waya.

Fundi akikwambia imekufa, mwombe akuonyeshe alichosoma kwenye maltimita. Asipokuwa nayo, funga boneti uondoke.