Walimtazama, Hawakumsikiliza

Aghalabu mjadala kuhusu filamu za ngono huwagawa watu katika kambi mbili. Kambi ya kwanza hulalamika kwamba maadili yameporomoka. Ya pili hujibu kwamba mtu mzima ana uhuru wa kutazama akipendacho. Kambi zote mbili humjadili mtazamaji. Anayetazamwa husahauliwa. Sidhani kuna kisa kinachodhihirisha kosa hili kuliko kile cha Linda Boreman, Mmarekani aliyejulikana duniani kwa jina la Linda Lovelace.

Mwanamke huyo alizaliwa Januari 10, 1949 mtaani Bronx, jijini New York. Baba yake alikuwa polisi, naye mwenyewe alisomeshwa katika shule za Kikatoliki. Katika ujana wake alikutana na Chuck Traynor, mwanamume aliyekuja kuwa mumewe na msimamizi wa shughuli zake. Mnamo 1972 akatokea katika filamu ya Deep Throat, iliyoongozwa na Gerard Damiano na kupigwa Florida kwa siku chache tu. Gharama zilikuwa haba, na fedha zilitoka kwa watu wa ukoo wa Peraino waliohusishwa na magenge ya Mafia. Mapato yalikuwa mamilioni ya dola. Linda alieleza baadaye kwamba ujira wake ulikuwa dola 1,250, na hata hizo zilitiwa mfukoni na mumewe. Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Huyu alichuma juani, na kivulini wakala wengine.

Filamu hiyo ilipoanza kuonyeshwa New York mnamo Juni 1972, haikubaki vichochoroni. Watu wenye hadhi, wake kwa waume, walienda kuitazama bila kujificha, na mwaka uliofuata gazeti la New York Times likaandika makala kuhusu mtindo huo mpya. Wanahabari wa Washington Post nao walilitwaa jina la filamu na kulifanya lakabu ya mpashaji habari wao wa siri katika sakata ya Watergate, iliyomng'oa Rais Nixon madarakani mwaka 1974. Ni mwaka 2005 ndipo ilipofichuliwa kuwa mtu huyo alikuwa Mark Felt, aliyekuwa afisa mkuu wa shirika la upelelezi la FBI.

Mahakama nazo hazikukaa kimya. Machi 1973, jaji mmoja wa New York aliamua kuwa filamu hiyo ni chafu kisheria. Mwaka 1976 mwigizaji mwenzake, Harry Reems, alipatikana na hatia mjini Memphis, ingawa hukumu hiyo ilibatilishwa baadaye. Mwaka huo huo, kitabu kilichotolewa kwa jina la Linda kilishtakiwa London kwa uchafu, na jopo la waamuzi likamwachilia mchapishaji. Majaji na mawakili waliumiza vichwa juu ya swali moja: je, kazi hii humpotosha anayeitazama au kuisoma? Swali la lililompata aliyemo ndani ya picha halikuwa na nafasi katika sheria waliyoitumia.

Jibu lake lilikuja mwaka 1980 alipochapisha kitabu cha Ordeal. Humo alisimulia kwamba Traynor alimpiga, alimtishia kwa bunduki na kumlazimisha kutenda aliyoyatenda mbele ya kamera. Aliwakumbusha watazamaji kwamba michubuko ilionekana mwilini mwake katika filamu ile ile waliyoishangilia. Kabla ya kukubali kitabu hicho, mchapishaji alimtaka apimwe kwa mtambo wa kutambua uongo. Traynor alikana kumlazimisha. Wapo pia waliouliza mbona vitabu vya awali vilivyobeba jina lake vilidai kwamba aliifurahia kazi hiyo.

Pingamizi hilo si la kupuuzwa. Hata hivyo, maneno ya mtu aliye chini ya himaya ya anayempiga hayawezi kuwa ushahidi wa uhuru wake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Alitoa ushahidi mjini Minneapolis mwaka 1983, wakati Andrea Dworkin na Catharine MacKinnon walipopendekeza sheria ya kumruhusu aliyedhuriwa na ponografia kudai fidia. Meya aliikataa. Mji wa Indianapolis ulipopitisha sheria kama hiyo, mahakama ziliifuta kwa msingi wa uhuru wa kujieleza. Mwaka 1986 Linda alifika pia mbele ya tume ya serikali iliyojulikana kwa jina la Meese. Lakini uzeeni alilalamika kwamba hata wanaharakati walimtumia kwa faida yao. Alibadilishiwa ini mwaka 1987, akaishi kwa kipato kidogo, na mwishowe akawa akitia saini kumbukumbu za filamu aliyoichukia ili apate riziki. Alifariki Denver Aprili 22, 2002, kutokana na majeraha ya ajali ya gari.

Sisemi kwamba kila mwigizaji wa filamu hizi hulazimishwa. Wapo waliojichagulia kazi hiyo na wanaoitetea. Nisemalo ni kwamba picha yenyewe haiwezi kutufahamisha nani alikubali na nani alitishwa. Tabasamu ya Linda iliwahadaa watu waliojiona werevu.

Hapo ndipo kisa hiki kinapotugusa walimu na wanafunzi wa Kenya. Leo hahitajiki mkurugenzi wala jumba la sinema. Simu moja inatosha kumpiga msichana picha na kuisambaza kabla kengele ya jioni haijalia. Sheria yetu ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018 inamwadhibu anayesambaza picha za faragha za mwenzake. Lakini sheria huja baada ya aibu kuenea. Mwalimu anayewaambia wanafunzi tu kwamba picha hizo ni dhambi au ni uchafu amefunza nusu ya somo. Nusu ya pili ni kuwazoeza kuuliza, kabla ya kufungua au kutuma picha, kama aliyemo alikubali na ni nani anayefaidika. Linda Boreman alisubiri miaka minane kabla ya kuulizwa hivyo.