Njia ya Sonia Sotomayor hadi kiti cha rufaa

Jaji wa rufaa hamwoni shahidi. Hasikii sauti ikitetemeka wala haoni mtu akikwepa swali. Mezani ana mwenendo wa kesi uliochapwa na hoja za mawakili wa pande mbili, na kwenye jopo ana wenzake wawili. Kazi yake ni kupima kama mahakama ya chini ilifuata sheria. Kwa sababu hiyo, alichokifanya jaji huyo kabla ya kufika hapo kina uzito mkubwa, na njia ya Sonia Sotomayor wa Marekani inalionyesha hilo vizuri.

Alizaliwa Bronx, New York, mwaka 1954, wazazi wake wakiwa wametoka Puerto Rico. Akiwa na miaka 7 alikutwa na kisukari, akajifunza kujidunga insulini mwenyewe. Miaka miwili baadaye baba yake alifariki, mama akabaki kulea watoto wawili kwa mshahara wa uuguzi. Binti huyo alisoma Princeton, kisha sheria Yale, ambako mwanasheria José Cabranes, naye mwenye asili ya Puerto Rico, alimlea kitaaluma.

Alipohitimu mwaka 1979 alikwenda kuwa mwendesha mashtaka Manhattan. Mwaka 1983 alishiriki kuendesha kesi ya muuaji wa Harlem aliyekuwa akijining'iniza kwa kamba kutoka juu ya paa na kuingia nyumba za watu kupitia madirishani. Kesi za namna hiyo humfundisha mwanasheria jinsi ushahidi unavyojengwa, shahidi mmoja baada ya mwingine. Baadaye akahamia kampuni binafsi ya uwakili, akapambana na wauzaji wa bidhaa bandia.

Kwa Wamarekani, jaji wa shirikisho huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, na anaweza kukaa kitini hadi kufa. Bila mwanasiasa wa kumpendekeza, sifa pekee hazimfikishi mtu mbali. Seneta Daniel Patrick Moynihan wa Democratic alilipeleka jina la Sotomayor, na Rais George H. W. Bush wa Republican akamteua mwaka 1991. Mwaka uliofuata akawa jaji wa kwanza wa shirikisho mwenye asili ya Kihispania katika jimbo la New York. Machi 1995 alitoa zuio dhidi ya wamiliki wa timu za besiboli, na mgomo wa wachezaji ulioanza Agosti 1994 ukaisha. Wamiliki walikata rufaa wakashindwa.

Rais Bill Clinton alimteua kwenda mahakama ya rufaa iliyowakatalia wamiliki hao Juni 1997. Jina lake lilikwama Seneti zaidi ya mwaka, kwa kuwa baadhi ya maseneta wa Republican waliona anaandaliwa kwenda Mahakama ya Juu. Alipitishwa Oktoba 1998 kwa kura 67 dhidi ya 29, akaketi mahakama moja na Cabranes.

Miaka kumi baadaye mlezi huyo alimpinga hadharani. Mji wa New Haven ulikuwa umetupilia mbali matokeo ya mtihani wa kupandisha vyeo askari wa zimamoto, kwa kuwa hakuna Mweusi ambaye angepanda. Askari weupe, pamoja na mmoja mwenye asili ya Kihispania, wakashtaki. Jopo la Sotomayor liliwakatalia kwa aya moja tu. Cabranes aliandika kwamba shauri zito kama hilo lilistahili kuchambuliwa kikamilifu, nami nakubaliana naye. Anayeshindwa kwenye rufaa ana haki ya kuelezwa sababu, hasa pale sheria yenyewe inapobishaniwa.

Mei 2009 Rais Barack Obama alimteua Sotomayor kwenda Mahakama ya Juu. Mwezi uliofuata mahakama hiyo ilitengua uamuzi wa New Haven kwa kura 5 dhidi ya 4, na Julai wawili wa askari walioshtaki wakatoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti iliyokuwa ikimhoji. Tarehe 6 Agosti Seneti ilimpitisha kwa kura 68 dhidi ya 31.