Ampea za Chaja Haziunguzi Simu

Swali la kama chaja ya ampea 3 itaunguza simu iliyokuja na chaja ya ampea 1 limejibiwa mara nyingi, na bado huulizwa kila siku kwenye maduka ya simu, ambako baadhi ya wauzaji hulijibu kwa kumtisha mteja. Ampea, yaani kipimo cha wingi wa mkondo wa umeme, zilizoandikwa kwenye chaja ni kikomo cha uwezo wake, wala si kiasi ambacho simu hulazimishwa kupokea. Soketi ya ukutani huweza kutoa ampea 13, lakini balbu ya wati 10 iliyounganishwa humo huchukua chini ya ampea 0.05 tu, na hakuna anayehofia kwamba itapasuka. Anayeogopa ampea za chaja hana budi kueleza kwa nini haogopi za soketi.

Kinachoamua ni saketi iliyomo ndani ya simu yenyewe, ambayo huvuta mkondo inaouhitaji, huupunguza betri inapokaribia kujaa, kwa kawaida kwenye volti 4.2 au zaidi kidogo, kisha huukata. Volti, yaani msukumo wa umeme, ndizo za kuangaliwa: chaja ya kawaida ya USB hutoa volti 5, na zile za kasi zinazoweza kufika volti 20 huanzia hapohapo kwenye 5, zisipande mpaka simu iombe. Hata simu za Galaxy Note 7, ambazo Samsung iliziondoa sokoni mwaka 2016 baada ya kuwaka moto, zilichunguzwa ikabainika kuwa kasoro ilikuwa ndani ya betri. Hofu ya ampea ina msingi mahali pamoja tu, nako ni kwenye chaja ya kubana betri iliyotolewa simuni, kwa kuwa hapo saketi ya simu imerukwa.

Hatari iliyo kubwa zaidi haisomeki kwenye ampea. Chaja bandia huunguza nyumba na kuua watu kwa sababu kizuizi kinachotenganisha umeme wa volti 230 na waya unaoshikwa mkononi ni hafifu, au hakipo kabisa, na mnunuzi aliyekazana kulinganisha ampea hupitwa na jambo hilo zito.

Basi inunuliwe chaja yenye volti zilizoandikwa kwenye chaja iliyokuja na simu na ampea sawa au zaidi, kwa muuzaji anayetoa risiti. Simu na pawabenki zisichajiwe chini ya mto. Waya uliochubuka utupwe. Chaja inayonuka plastiki iliyoungua ichomolewe palepale. Betri iliyovimba imejaa gesi inayoweza kuwaka, kwa hiyo haitobolewi kwa sindano, haikandamizwi wala haiwekwi kwenye friza, kama baadhi ya watu wanavyoshauriana, bali huacha kuchajiwa siku hiyohiyo na kupelekwa kwa fundi ikiwa mbali na vitu vinavyoshika moto.